Kutoa na kurudisha shingo ya gitaa kavu la mjomba

Gitaa hili ni la Kijapani, la nyuzi za chuma. Mjomba wangu alilinunua katikati ya miaka ya 1970, wakati akipiga rizimu kwenye bendi ya shirika moja la umma hapa Dar es Salaam. Gitaa la umeme lilikuwa mali ya bendi. Hili lilikuwa lake mwenyewe, la kufanyia mazoezi barazani. Kwa zaidi ya miaka kumi limekaa juu ya kabati kwa sababu nyuzi zimepanda mno, vidole vinauma kabla wimbo haujafika kiitikio. Siku aliponikabidhi alisema, "Mjomba, ukiweza kulifufua ni lako. Usipoweza nirudishie hivyo hivyo lilivyo, usilitupe."

Naandika kila hatua inapokamilika, makosa na gharama zikiwemo, ili fundi wa Keko hapa Dar au wa Gikomba kule Nairobi aliyeletewa gitaa kama hili awe na pa kuanzia. Kabla ya yote, angalia shingo ya gitaa lako imefungwaje. Hili la mjomba, mwisho wa shingo una ulimi uliopanuka kama mkia wa njiwa, nao umezama kwenye tundu la gogo lililo ndani ya kifua cha gitaa na kushikwa kwa gundi. Yapo magitaa ambayo shingo imefungwa kwa boliti, ya Taylor kwa mfano, na kazi yake ni nyepesi zaidi. Magitaa ya nyuzi za nailoni yaliyojengwa kwa mtindo wa Kihispania hayana ulimi wa kuchomoa kabisa: mbavu, yaani mbao za pembeni za kifua, zimechomekwa ndani ya kisigino chenyewe cha shingo, ile sehemu nene inayokutana na kifua. Hayo usiyafanyie haya nitakayoyaeleza, utayavunja.

Jumamosi, 1 Februari 2025. Vipimo

Nimefunga nyuzi mpya, seti ya 012 (yaani uzi mwembamba kabisa una unene wa inchi 0.012), nikazipandisha mpaka sauti zake kamili, ndipo nikapima. Gitaa lisilo na nyuzi hudanganya, kwa sababu mvuto wenyewe ndio unaoonyesha ugonjwa. Seti kama hii huvuta kwa kilo 70 hivi, sawa na mtu mzima kuning'inia kwenye kichwa cha gitaa usiku na mchana. Miaka hamsini ya namna hiyo, uso huvimba nyuma ya daraja (ile mbao iliyogundishwa usoni, zinapofungwa nyuzi), kifua hujikunja kidogo, na shingo huinama mbele.

Uzi wa sita, ule mnene kabisa, uko milimita 3.5 juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa shingo), nami nautaka 2.4. Uzi wa kwanza uko 3.0, nautaka 1.9. Dawa ya haraka ingekuwa kupunguza mfupa wa daraja, yaani kile kipande cheupe zinapolalia nyuzi, lakini kuna mtu alishaupunguza zamani. Umebaki milimita 2 tu juu ya mbao ya daraja. Ukipunguzwa tena, nyuzi hazitaukandamiza vya kutosha na gitaa litakuwa bubu.

Kipimo kinachoamua ni hiki. Chukua rula ndefu ya chuma iliyonyooka, ilaze katikati ya shingo juu ya freti, isukume mpaka ifike kwenye daraja. Shingo ikiwa nzima, ncha ya rula hugusa juu kabisa ya mbao ya daraja. Yangu iligonga mbele ya daraja, milimita 4 chini ya ukingo wake wa juu. Hakuna ubishi, shingo lazima itoke.

Nilimwonyesha fundi mmoja wa samani. Alitaka laki moja na nusu kupiga skrubu mbili ndefu kupitia kisigino hadi kwenye gogo la ndani. Nilimshukuru nikaondoka. Skrubu huziba pengo lakini pembe ya shingo inabaki ile ile, na atakayetaka kulifungua baadaye atakipasua kisigino.

Jumamosi, 8 Februari. Freti ya 15 na kipande cha juu ya kifua

Freti ya 15 imetoka, maana mvuke wa kulegeza gundi ya ulimi utaingizwa kupitia mfereji wake. Niliipasha moto kwa chuma cha kulehemu nusu dakika hivi, kisha nikaing'oa polepole kwa koleo la kukatia nililolisaga mdomo uwe bapa. Vibanzi viwili vya ubao wa freti vilinyanyuka nayo. Nilivirudisha papo hapo kwa gundi ya supa.

Sehemu ya ubao wa freti inayolala juu ya kifua, kuanzia freti ya 14 hadi tundu la sauti, nayo imegundishwa, na lazima iachie kabla ya shingo. Nilifunika uso wa gitaa kwa boksi gumu lililozungushiwa karatasi ya foili, nikaacha uwazi wa ukubwa wa ubao tu, kisha nikaweka pasi ya nguo juu ya freti kwa dakika tano. Halafu kisu chembamba cha kupakia keki, kilichopashwa moto pia, kikapita chini kidogo kidogo. Kazi nzima ilichukua saa moja na robo. Karibu na mwisho nilisukuma kwa nguvu, kisu kikachimba na kung'oa ubanzi wa uso wenye urefu wa sentimita 2. Nimeurudisha na utafichwa na ubao. Ukiona kisu kinagoma, rudisha pasi, usiongeze mkono.

Jumapili, 9 Februari. Mvuke, na kosa langu kubwa

Vifaa: sufuria ya presha ya dada. Nilitoa kile kizito cha juu, nikavalisha mpira wa silikoni kwenye kibomba cha kutolea mvuke, na mwisho wa mpira nikafunga sindano ya kujazia upepo mpira wa miguu. Tafadhali hakikisha vali ya usalama ya sufuria inafanya kazi, vaa glavu, na usiiache peke yake hata dakika moja. Sindano ikiziba, mvuke wote unarudi kwenye sufuria. Pia nilitengeneza fremu ya mninga inayozunguka kifua cha gitaa, yenye boliti ya milimita 10 inayosukuma kisigino kutoka chini kwenda juu.

Ulimi unaposhikwa na tundu lake, kati ya ncha ya ulimi na ukuta wa ndani wa tundu huwa kuna nafasi tupu, nyembamba. Huko ndiko mvuke unakotakiwa kufika. Unatoboa ndani ya mfereji wa ile freti ya 15 ili tundu lifichwe freti ikirudi. Drili ikifika kwenye nafasi hiyo hudondoka ghafla, unasikia kabisa mkononi.

Yangu haikudondoka. Nilitoboa wima kwa msumari wa drili wa milimita 2.5, nikashuka milimita 20, mbao mwanzo hadi mwisho. Nikajiambia nafasi labda ni ndogo sana, mvuke utaipata wenyewe. Nikachomeka sindano nikafungulia.

Dakika ya tatu hakuna kitu. Dakika ya sita nikaona unyevu chini ya ubao wa freti nikadhani ni dalili njema. Dakika ya kumi na mbili kisigino hakijasogea hata unywele, na maji yalikuwa yanachuruzika kutoka chini ya ubao kuelekea tundu la sauti. Hapo ndipo nilipoona. Uso wa gitaa hili si mbao moja, ni plaiwudi, na kwenye ukingo wa tundu la sauti tabaka lake la juu lilikuwa limefunguka kama kurasa za daftari lililolowa, upana wa vidole vitatu. Nilizima jiko nikakaa chini. Lilikuwa limekaa miaka hamsini bila jeraha.

Baada ya kukausha kwa taulo niliingiza kioo kidogo na taa ya simu kupitia tundu la sauti, nikapima gogo la ndani. Ulimi wa gitaa hili ni mrefu kuliko nilivyokadiria, nafasi tupu iko milimita 5 au 6 mbele ya freti ya 15. Nilikuwa nimetoboa katikati ya ulimi wenyewe. Mvuke haukuwa na pa kwenda ila kurudi juu, na ukarudi kwenye plaiwudi.

Sikutoboa ubao upya. Nilitumia mdomo ule ule wa tundu, nikailaza drili kuelekea tundu la sauti. Kwenye kina cha milimita 14 ikadondoka. Nikachomeka sindano tena, na safari hii hata sauti ilibadilika: mwanzo mvuke ulifoka kama birika, halafu ukaanza kububujika ndani kwa ndani. Dakika ya pili maji ya kahawia yakatokeza pembeni ya kisigino yakinuka gundi ya zamani. Nikawa nakaza boliti robo mzunguko kila nusu dakika. Dakika ya nne ukasikika mlio kama mlango mkavu, kisigino kikapanda milimita 2, kisha shingo yote ikaja mkononi.

Dakika nne. Zile kumi na mbili zote zilikuwa za kuharibu. Kama drili haijadondoka, usiwashe jiko.

Jumamosi, 15 Februari. Kuponya uso, na kuanza mapema mno

Plaiwudi imekauka siku sita mbele ya feni. Niliingiza gundi ya mbao iliyopunguzwa kwa maji kidogo kati ya tabaka kwa bomba la sindano, nikaweka karatasi ya nailoni, kibao juu na kibao chini, na klampu mbili usiku kucha. Limefunga. Ukiliinamisha kwenye mwanga wa dirishani unaona mstari mwembamba, na utabaki.

Kisha nikafanya hesabu ya kisigino. Unahitaji vipimo vitatu. Urefu wa kisigino, kutoka chini ya ubao wa freti hadi ncha yake: milimita 92. Umbali kutoka kiungo cha shingo na kifua, hapo kwenye freti ya 14, hadi kwenye mfupa wa daraja: milimita 282. Na kiasi unachotaka rula ipande pale kwenye daraja: nilichukua zile 4 zilizopungua, nikaongeza nusu kwa sababu uso utanyanyuka kidogo nyuzi zikivuta. Kwa hiyo 92 mara 4.5, gawanya kwa 282, unapata 1.47. Hiyo ndiyo milimita ya kuondoa kwenye ncha ya chini ya kisigino. Juu kabisa, chini ya ubao wa freti, hauondoi kitu. Katikati unaondoa kwa mteremko. Unachonga umbo la kabari, basi. Ukiondoa juu pia, unafupisha gitaa na sauti zote za freti zitakosea.

Nilichora mstari kwa penseli kali pande zote mbili, nikachonga kwa patasi pana nikiishia nusu milimita kabla ya mstari. Mbao katikati, karibu na ulimi, nilizifukua ndani kidogo ili kinachogusa kifua kiwe kingo za nje tu. Nusu milimita ya mwisho ni ya msasa: unarudisha shingo mahali pake, unachomeka utepe wa msasa namba 120 kati ya kisigino na kifua, upande wenye mchanga ukiangalia kisigino, unaubana kwa mkono na kuuvuta utoke. Msasa wenyewe huchonga kisigino kufuata umbo la kifua.

Kwa kuwa kisigino kimesogea kuelekea kifua, ulimi sasa unacheza ndani ya tundu. Dawa yake ni papi, yaani kipande chembamba cha mbao, kila upande wa ulimi. Nimetumia mkangazi, kwa sababu ugumu wake unakaribiana na mbao ya shingo hii. Kipande nilipata Keko kwa elfu mbili. Nimeziranda mpaka milimita 0.6 nikazigundisha. Jioni shingo ilikuwa imekaa imara kabisa bila gundi, nikalala nimeridhika.

Jumamosi, 1 Machi. Papi zimelegea

Wiki mbili nilikuwa na kazi nyingine, shingo imelala kwenye rafu. Leo nimeirudisha kwenye tundu ikaingia kama mguu kwenye kiatu cha kaka. Papi bado zimeshika vizuri. Ulimi wenyewe ndio umesinyaa. Nilikuwa nimeuchonga na kuuvalisha papi ukiwa umevimba kwa maji ya ule mvuke wa dakika kumi na sita. Nje ulionekana mkavu kabisa. Kisigino nacho kimejikunja, upande mmoja kuna mwanya unaopitisha karatasi mbili.

Sasa nimeanza kufanya nilichopaswa kufanya tangu 9 Februari: kuipima uzito. Nimetoa funguo za kukazia nyuzi ili nisichanganye hesabu, nikaiweka shingo kwenye mizani ya jikoni ya dijitali. Gramu 634. Nitapima kila Jumamosi, na sitagusa patasi mpaka namba isimame.

Jumamosi, 22 Machi. Namba imesimama, shingo imekwenda upande

Tarehe 8 ilikuwa 627, tarehe 15 ikawa 624, leo 624. Karibu wiki sita kutoka siku ya mvuke. Hapa pwani, na mvua za masika zikianza, usiamini kalenda ya mtu wa nchi kavu. Mizani ya jikoni ndiyo itakayokwambia.

Nimezipunguza papi za zamani, nikaongeza nyingine juu yake na kuzipa mteremko. Kutafuta panapokwama nilipaka chaki ukutani mwa tundu, nikaingiza shingo, nikaitoa: kila penye weupe kwenye papi panapunguzwa kwa tupa laini. Niliingiza na kutoa zaidi ya mara arobaini. Kazi hii haina njia ya mkato na mimi nimeipenda, maana kila mara unaisikia shingo inazidi kushika.

Halafu nikanyoosha uzi wa kushonea kutoka katikati ya mfupa wa juu, kule karibu na kichwa, hadi kwenye daraja. Ukaangukia milimita 3 upande wa besi. Wakati wa kuvuta msasa, mkono wangu wa kulia ulikuwa na nguvu kuliko wa kushoto, na nilihesabu mivuto ya upande mmoja tu. Kisigino kina upana wa milimita 50 pale kinapogusa kifua, kwa hiyo kosa la milimita 3 kwenye daraja ni nusu milimita tu kwenye shavu moja la kisigino. Nusu milimita, na uzi wa kwanza ungekuwa unatelezea nje ya ubao.

Nilirekebisha kwa kuvuta msasa upande wa pili pekee, mivuto mitano, kisha uzi, kisha mivuto mitano. Baada ya kila duru nilirudisha rula pia, kwa sababu unaponyoosha upande unaweza kuharibu pembe. Nilimaliza saa nne usiku: uzi katikati, rula ikipita nusu milimita juu ya daraja, na ukishika shingo peke yake kifua kinaning'inia bila gundi.

Jumamosi 5 na Jumapili 6 Aprili. Gundi, mara mbili

Mafundi wawili walinishauri gundi nyeupe. Kwa kabati ningeitumia bila wasiwasi. Kwa shingo ya gitaa nilitaka gundi isiyojivuta taratibu ikiwa na mzigo wa kilo 70 mchana wa joto, na ambayo atakayefuata ataweza kuilegeza. Gundi ya ngozi ndiyo ya jadi kwa kazi hii. Sikuipata, nikatumia ndugu yake: jelatini ya kupikia isiyo na sukari wala ladha, ambayo inatokana na ngozi na mifupa vilevile. Sehemu moja ya jelatini kwa mbili za maji, iloweke mpaka inyonye, kisha pasha kwenye bakuli lililo ndani ya sufuria ya maji. Kipimajoto kisipite nyuzi 65 za Selsiasi, ukiichemsha unaiua.

Jumamosi ilikuwa mvua na ubaridi wa feni niliyoisahau ikizunguka. Nilipaka gundi kwenye ulimi, nikapaka kwenye tundu, nikaingiza shingo, ikakwama ikiwa imebaki milimita 1.5. Gundi ilishaganda kuwa jeli kabla sijakaza klampu. Nikaitoa haraka kabla haijakauka, nikafuta kila kitu kwa kitambaa cha maji ya moto kilichokamuliwa sana. Uzuri wa gundi hii uko hapo: ilitoka yote, papi hazikudhurika. Nikapima uzito tena kabla ya kulala, 625.

Jumapili nilizima feni, nikafunga madirisha, nikapasha ulimi na tundu kwa mashine ya kukaushia nywele mpaka mbao zikawa na joto kama la mkate uliotoka jikoni. Niliigiza zoezi zima mara tatu bila gundi nikijihesabia sekunde. Mara ya nne kwa gundi: paka, ingiza, kandamiza, klampu. Sekunde thelathini na tano. Gundi ilichungulia pande zote mbili za kisigino kwa usawa. Nimeiacha wiki nzima.

Jumamosi, 19 Aprili. Kabari ya mpingo

Shingo ikiegemea nyuma, ile sehemu ya ubao wa freti ya juu ya kifua inabaki hewani. Kwangu mwanya ulianza sifuri kwenye freti ya 14 na kufika milimita 1.4 mwishoni. Ukiubana ubao chini kwa gundi bila kitu katikati, unainama, na freti za juu zinakuwa bondeni huku ya 14 ikiwa kilima. Lazima kabari ya umbo hilo hilo.

Nilikwenda Mwenge kwa wachonga vinyago kutafuta kipande cha mpingo. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye vumbi jeusi la mbao, tezo mkononi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Unataka kinyago?"

Nilimweleza: kipande kirefu kama kiganja, kitakaa chini ya ubao wa gitaa, kisipinde. Akapekua chini ya benchi, akatoa kimoja, akakigonga kwenye kingine. Kililia kama chuma. "Chukua hiki. Kina miaka hapa chini, kimeshacheza kikachoka. Hicho kibichi kitakusumbua." Alitaka elfu tatu. Ndiyo mbao inayotengenezewa klarineti huko ng'ambo, na ukiiweka majini inazama. Randa yangu iliteleza juu yake. Ilibidi ninoe mara mbili, na umbo la mwisho nimelipata kwa msasa uliobandikwa kwenye kioo bapa. Kabari imeingia, imegundishwa, kingo zake zimesawazishwa na ubao. Mweusi juu ya mweusi, jicho haliioni.

Freti ya 15 imerudi mahali pake juu ya tundu la drili, ambalo nililiziba kwa kijiti cha mkangazi.

Jumamosi, 26 Aprili. Mfupa na nyuzi

Sikukuu ya Muungano, nyumba kimya. Mfupa mpya wa daraja nimeutengeneza kwa muundi wa ng'ombe kutoka bucha. Uchemshe, ukwangue uboho na mafuta yote, uanike siku kadhaa, kisha ukate kwa msumeno wa chuma. Harufu yake wakati wa kupiga msasa ni mbaya na vumbi si la kuvuta, vaa barakoa, fanyia nje. Unatoka mweupe mzito, mgumu kuliko plastiki iliyokuwepo.

Nyuzi mpya, nikazipandisha kwa hatua tatu nikisubiri nusu saa kila hatua, sikio kwenye kisigino. Hakikulia. Zilipofika sauti zake kamili rula ilishuka mpaka milimita 0.3 chini ya ukingo wa juu wa daraja. Nilitarajia iguse juu kabisa. Uso huu umelegea kuliko nilivyokadiria. Anayefuata mwenye plaiwudi ya zamani kama hii aongeze milimita moja badala ya nusu kwenye ile hesabu. Hata hivyo nafasi ipo: mfupa sasa umesimama karibu milimita 4 upande wa besi. Uzi wa sita kwenye freti ya 12 ni 2.4, uzi wa kwanza 1.9.

Gharama, zote kwa shilingi za Tanzania: seti mbili za nyuzi 50,000, kipimajoto cha jikoni 18,000, jelatini 9,000, misasa 8,000, mpira wa silikoni 6,000, mpingo 3,000, mkangazi 2,000, boliti na nati 2,000, muundi 2,000, gundi ya supa 1,500, sindano ya pampu 1,000. Jumla 102,500. Klampu, randa, patasi na gundi ya mbao nilikuwa navyo. Muda ni Jumamosi kumi ukihesabu na zile za kupima uzito. Bila kosa la drili nadhani zingekuwa sita.

Jumamosi, 14 Juni. Wiki saba baadaye

Nimepima tena. Uzi wa sita 2.5, wa kwanza 1.9. Rula imeshuka kidogo sana, siwezi kuisoma kwa uhakika. Kisigino hakina mwanya. Nimejaribu kupitisha wembe pande zote mbili ukakataa. Rangi ya pembeni ya kisigino, pale msasa ulipokwangua, bado ni mbao tupu, nitaipaka kiangazi hiki hewa ikiwa kavu.

Mjomba alikuja Jumapili iliyopita. Hakuuliza shingo imefanywaje. Aliliweka pajani, akapitisha kidole gumba kwenye ule mstari wa plaiwudi karibu na tundu la sauti, akanitazama, nikamweleza habari ya mvuke. Akasema, "Basi na hilo ni lake sasa," akaanza kupiga rizimu ya zamani ya bendi yao, kwa vidole viwili, juu kabisa kwenye freti ya 12 ambako hakuwa ameweza kufika kwa miaka mingi.

Alisikia kitu ambacho mimi sikuwa nimekisikia: uzi wa tatu unavuma kwenye freti ya 14. Ni kweli. Freti ya 15 niliyoirudisha imesimama juu kidogo kuliko jirani zake. Wiki ijayo nitaisawazisha kwa tupa na kuipa umbo upya, nami nitaongeza kipimo hapa.